Mpishi wa Mabawa Asiyecheka

Kwa miaka ishirini na miwili watu wa Mabawa walimjua Devota kwa mambo matatu: pilau yake, rozari yake na uso wake mkavu. Pilau ilikuwa ya kweli. Hayo mawili mengine yalikuwa uongo, na aliyeutunga uongo huo ni yeye mwenyewe.

Tuanze na pilau, maana ndiyo iliyompa jina. Mtu akiwa na shughuli ya watu mia nne au mia tano, alimtafuta kwanza Devota, au Mama Edgar kama walivyomwita kwa jina la mwanawe, kisha ndipo akatafuta turubai na viti. Devota ni Mkatoliki na Mnyamwezi wa asili, na zaidi ya nusu ya waliomwita walikuwa Waislamu, Wadigo na Wasegeju na Waarabu. Hakuna aliyeona ajabu. Ng'ombe alichinjwa na Mwislamu, mchele ulioshwa mbele ya macho ya wote, na viungo aliviponda mwenyewe. Iliki na mdalasini aliagiza kwa wakulima wa Amani, kule milimani, kwa sababu vile vya pakiti, alisema, vimekaa dukani mpaka vimesahau vilikotoka. Sufuria ikifunuliwa, punje zilikuwa zimeachana, na ukoko wake uligombewa na watu wazima wenye heshima zao.

Sasa rozari. Kila alipomaliza kukata vitunguu, kabla moto haujashika, Devota alijitenga, akaketi juu ya gunia la mchele, akatoa rozari na kuinamisha kichwa. Alikaa hivyo robo saa. Wali ukishapaliwa makaa juu ya mfuniko, alijitenga tena robo saa nyingine. Watu walipita kwa kunyata. Paroko aliwahi kumtaja katika mahubiri kama mfano wa mtu anayefanya kazi na kusali. Kumbe amelala. Alikuwa analala usingizi wa ndoto kabisa, shanga zikiwa vidoleni, na siku moja alipokoroma, wifi yake Leticia alilazimika kukohoa kwa nguvu ili kufunika ile sauti.

Leticia ni dada wa mumewe na ndiye msaidizi wake jikoni. Mbali na mume, ndiye mtu pekee pale mjini aliyejua siri yote. Na siri yenyewe ilikuwa hii: Devota akicheka, anaanguka. Ndiyo maana alinuna. Mzaha ukianza, aligeuka akajifanya kuchochea moto. Arusini, mshereheshaji akivunja watu mbavu, yeye alikaza macho kwenye vitunguu na kujiuma shavu kwa ndani. Watu wakasema ana maringo, sifa za pilau zimempanda kichwani. Aliwaacha waseme. Afadhali kuitwa mwenye maringo kuliko kuitwa mwenye pepo.

Mambo hayo yalimwanzia akiwa na miaka kumi na sita, kwenye kambi ya shamba la mkonge upande wa Muheza, ambako babu yake aliletwa kutoka Tabora kuwa manamba na hakurudi tena kwao. Kwanza ulikuja usingizi. Alilala darasani huku akiandika, mwandiko ukateremka kutoka kwenye mstari mpaka ukingoni mwa daftari. Mwalimu alimpiga fimbo, akaamka, akalala tena na mkono ukingali unawaka. Usiku, wenzake walipokoroma, yeye alizinduka kila saa, na mara nyingine alizinduka mwili wote umekufa, hawezi kuinua hata kidole, na anamwona mtu amesimama mlangoni. Bibi yake akasema hilo ni jinamizi. Mwalimu akasema huo ni uvivu, na neno la mwalimu ndilo lililobaki.

Kisha siku moja, katika mazoezi ya kwaya, binamu yake alimwigiza katekista anavyojaribu kuzuia chafya. Devota akaangua kicheko, magoti yakakatika, akaporomoka katikati ya sauti ya pili. Baba yake akampeleka kwa mganga, mganga akasema ni pepo wa baharini, anadai kitambaa chekundu na mbuzi. Kitambaa kikanunuliwa, mbuzi akachinjwa, pepo akala akashiba na hakuondoka. Wakampeleka kwenye maombi. Watu saba walimwekea mikono, na mmoja wao, mtu mnene mwenye sauti nzito, akakanyaga kanzu yake mwenyewe na kupepesuka. Devota akacheka, akaanguka chali. Wote wakashangilia kwamba pepo ametoka. Siku ile ndipo msichana yule alipojua kwamba hakuna atakayemsaidia, akaamua kujisaidia mwenyewe kwa kuacha kucheka.

Na aliacha kweli. Hata mume alimchagua kwa hesabu hiyohiyo. Wasichana wenzake walitaka mwanaume mcheshi. Yeye alimkubali Ernesti, fundi wa kuchomelea vyuma, kwa sababu katika miezi minane ya uchumba hakuwahi kumsikia akifanya mzaha hata mmoja. Ernesti ni mtu mwema, mpole na asiye na ladha hata kidogo katika mazungumzo. Ndoa yao ikawa salama.

Jiko nalo lilimfaa. Kazi ya kusimama, ya mikono, yenye moshi na kelele, haikumpa usingizi nafasi ya kumvizia, na palipokuwa na utulivu aliuwahi kwa ile rozari. Hakuna aliyemfundisha. Alijipimia mwenyewe, mwaka hadi mwaka, kwamba akilala robo saa kabla ya moto na robo saa baada ya kupalia, anafika jioni akiwa macho. Mwanamke aliyepigwa fimbo kwa kulala alikuwa sasa analisha mitaa mizima.

Kilichomshinda ni utani. Mnyamwezi na Mdigo ni watani, na kila mtu wa Tanga anajua maana yake. Msibani, mtani ana haki ya kuja na kebehi zake, kumwigiza marehemu, kuzuia jeneza mpaka apewe chochote, na aliyefiwa haruhusiwi kukasirika. Anatakiwa ajibu. Devota hakujibu. Kwa Wadigo wa Mabawa hilo lilikuwa dharau, na aliyeumia kuliko wote ni mzee Uweso.

Uweso ni fundi baiskeli, mzaliwa wa Moa, na hapana mtani aliyemshinda maneno kuanzia Moa mpaka Pangani. Kila alipokutana na Devota alimchokoza. "Tanga ni waja leo waondoka leo," alimwambia. "Babu yako kaja, na mpaka leo hajaondoka. Mwambie twamdai nauli ya kurudi." Devota alipita bila kugeuka. Uweso akaapa mbele ya watu kijiweni kwake kwamba hafi mpaka amchekeshe yule mjukuu wa manamba.

Mwaka juzi akapata nafasi. Alifariki mzee Lucas, baba mdogo wa Devota aliyeshika nafasi ya baba yake baada ya huyo kufa. Devota alikuwa mfiwa na mpishi kwa pamoja. Alikuwa amelia tangu alfajiri, hakupata robo saa yake ya gunia, na moyo wake ulikuwa laini siku hiyo. Saa nne asubuhi, moto umeshika na nyama inatokota, Uweso akaingia uani.

Alikuwa amevaa koti la marehemu, kofia ya marehemu, na ameshika mkongojo wa marehemu. Alitembea bega moja chini, sawasawa kama mzee Lucas alivyotembea. Akaenda moja kwa moja kwenye sufuria, akafunua, akanusa, akamgeukia Devota. "Mwanangu," akasema kwa sauti ya mzee Lucas, "nimefika huko juu nimekuta wanasonga ugali. Nimeomba ruhusa nirudi mara moja, nile pilau yako, kisha mnizike vizuri."

Devota alijiuma shavu. Alitazama vitunguu. Lakini lile bega, na ile sauti, na ile pua ikinusa sufuria, vilikuwa baba yake mdogo mtupu, na furaha ya kumwona tena ikamjia pamoja na uchungu. Akacheka. Taya likaning'inia, shingo ikalegea, magoti yakakatika, na Leticia akawahi kumvuta mkono kabla hajaangukia mafiga. Pindo la kanga likaungua, yeye akapona.

Sasa sikiliza kosa la watani. Kwa sheria zao, mambo yalikuwa yamefika kileleni: Mnyamwezi aliyekuwa bubu miaka yote amejibu, na amejibu kwa kufa. Walishangilia. Wakamfunika kanga kutoka kichwani hadi miguuni, wakamnyoosha sambamba na meza ya vyombo, wakaangua vilio vya uongo. Mama mmoja akauliza kwa kwikwi nani atarithi masufuria. Uweso akasimama kichwani pake na kutangaza kwamba huyu hazikwi bure. Leticia akapiga kelele wanyamaze, nao wakamsifu kwa kulia vizuri.

Chini ya kanga Devota alisikia kila neno. Hakuwa amezimia wala hakuwa amelala. Mwili tu ndio uliokuwa umemtoka. Na kila nguvu ilipoanza kurudi vidoleni, mtu alisema neno jingine la kuchekesha, kicheko kikampanda upya kwa ndani, na mwili ukalegea tena. Kadiri walivyomtania ndivyo alivyozidi kulala pale. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mwishowe yule mama wa masufuria alifunua kanga ili amtekenye, akaona macho nusu wazi na mdomo umekwenda upande, akauinua mkono wa Devota na mkono ukaanguka wenyewe. Uani kukawa kimya.

Kimya ndicho alichokuwa anakihitaji. Hapakuwa na mtu wa kumchekesha, nguvu zikarudi, Devota akaketi. Watu walikimbia. Viti vikapinduka, wawili wakapita juu ya ua wa makuti, na mzee Lucas, marehemu wa kweli, akaachwa peke yake sebuleni.

Mtu fulani alikuwa ameyarekodi yote hayo kwa simu. Kabla ya magharibi video ilikuwa imefika Muheza na Pangani, na kila aliyeipokea aliituma kwa wengine kumi. Wakasema ni kifafa. Wakasema ni pepo aliyekuwa anajificha ndani ya rozari. Wenye shughuli wakaanza kuahirisha kwa adabu: tumepata mpishi mwingine, Mama Edgar, wewe pumzika. Pigo kubwa lilitoka kwa Bi Shemsa. Huyo ni ajuza wa ukoo wa Kiarabu wenye mashamba na maduka, na alikuwa amemweka Devota tayari kwa walima, karamu ya ndoa ya mjukuu wake Mutasim, watu mia tano, miezi minane mbele. Alimtuma mtu aje kusema kwamba bibi anamwombea afya na kwamba asijisumbue tena na ile kazi.

Devota alilia siku tatu. Ernesti alileta riziki ya kutosha, njaa haikumliza. Alililia jina. Kitu kimoja tu alikuwa amejijengea duniani kwa mikono yake, tena akiwa na mwili usiomtii, na sasa kimeanguka pamoja naye mbele ya kamera. Alijua kwamba Bi Shemsa akimkataa, mji mzima utamkataa.

Siku ya kumi Uweso akapiga hodi. Alikaribishwa, akaketi. Hakuwa na utani wowote, na hilo lilimtia Devota wasiwasi.

"Mtani," akasema, "nimekuja kukutaka radhi. Mie n'litaka ucheke tu."

"Nilicheka."

"Basi mbona ulianguka?"

Devota akamweleza. Alimweleza yote, tangu katekista mpaka gunia la mchele, na alipofika mwisho alishangaa kuona dari haijamwangukia. Uweso alivua kofia yake.

"Pale n'liposema huzikwi bure, ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Ya Rabi," akasema Uweso, na akajifunika uso kwa ile kofia kwa muda mrefu. Alipoiondoa alisema, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Siku ukifa, mie mtani wako ndiye nitakayekuwa na kazi kubwa, na kazi hiyo siitaki sasa hivi. Kesho twende hospitali. Wifi yako na aje."

Walimkuta daktari kijana, Daktari Bayan, msichana wa Kitanga aliyerudi karibuni kutoka masomoni. Aliuliza maswali ambayo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Devota. Ukilala mchana, hata robo saa, unaota? Huwa unaamka ukashindwa kujigeuza? Unaona watu wasiokuwepo? Ukianguka, unasikia? Devota alijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, kisha akamgeukia Leticia kumuuliza kama amekwenda kumsimulia mtu. Daktari akaomba ile video. Aliitazama mara tatu bila kutabasamu.

"Nataka nikuone ukianguka," akasema. "Lala hapa kitandani, hutaumia." Akachukua nyundo ndogo ya mpira ya kugongea magoti, akamtazama Uweso. "Mzee wangu, mchekeshe."

Uweso, bingwa wa msibani kwa miaka arubaini, akameza mate. "Daktari, utani hauandikwi kwenye cheti."

"Jaribu tu, baba."

"Hapo kale," akasema Uweso, "palikuwa na Mnyamwezi." Akasita. Jasho likamtoka. "Mnyamwezi mmoja." Akatazama dirishani, akatazama nyundo, akavua kofia na kuchungulia ndani yake. "Mmoja hivi. Alikuwa Mnyamwezi."

Devota akacheka mpaka macho yakamlenga machozi, kisha shingo ikalala. Daktari akagonga goti na mguu haukutikisika. Akagonga la pili, nalo vilevile. Akanyoosha mkono watu wote wanyamaze. Baada ya muda akagonga tena, na safari hii mguu uliruka ukampiga Uweso pajani.

Daktari Bayan akaketi ukingoni mwa kitanda. Alisema ugonjwa huo unaitwa narkolepsia. Alisema kwamba kuwa macho na kuwa usingizini ni vyumba viwili, na kwa watu wengi mlango wa katikati hufungwa. Katika ubongo wa Devota ile dawa ya asili inayoushikilia mlango imepungua sana, ndiyo sababu usingizi unaingia mchana na kukatikakatika usiku. Kila binadamu akiota ndoto mwili wake hulegea asije akarukaruka kitandani. Devota akicheka, ule ulegevu wa ndotoni unampata akiwa macho.

"Si pepo," akasema daktari. "Si kifafa. Wala si uvivu."

"Sema tena hilo la mwisho," akasema Devota.

"Si uvivu, mama. Haukuwa uvivu hata siku moja."

Devota aliukunja mkono wake wa kulia, ule aliokuwa akipigwa fimbo, akauweka kifuani. Alikuwa na miaka arubaini na minane. Alimwambia daktari habari ya rozari na robo saa zake mbili, akitazamia kukaripiwa, na daktari akaacha kuandika.

"Hiyo ndiyo dawa ya kwanza ambayo ningekupa. Nani alikufundisha?"

"Sikufundishwa na mtu."

"Basi umejitibu mwenyewe kwa miaka ishirini, na umejitibu vizuri," akasema Daktari Bayan. Katika sifa zote alizopewa Devota mpaka leo, hiyo ndiyo anayoisimulia mara nyingi kuliko zote, pilau ikiwemo.

Alipelekwa kwa bingwa Dar es Salaam, akathibitishiwa, akarudi na vidonge vya kupunguza kuanguka na masharti ya maisha. Alale na kuamka saa zilezile kila siku. Apumzike mchana kwa ratiba. Asiendeshe chombo, asiogelee, asikae na moto peke yake. Kupona hasa hakuna, aliambiwa, lakini kuishi vizuri kupo. Akaenda kwanza kwa paroko kutubu habari ya rozari. Padri alicheka akasema hata Petro alisinzia bustanini, na Devota angalau alikuwa amekwisha kukata vitunguu. Devota akashika benchi, akalegea kidogo tu, akasimama. Vidonge vilikuwa vinafanya kazi.

Kisha akavaa gauni la Jumapili, akaenda kwa Bi Shemsa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu, mwanangu. Wajionaje?"

"Sikuja kuomba kazi, bibi," akasema Devota. "Nimekuja kukueleza nilivyo, kisha uamue ukiwa unajua." Akamweleza ugonjwa na jina lake. Akaeleza jinsi atakavyopika: benchi lenye godoro hatua nne kutoka motoni, Leticia ubavuni pake wakati wote, robo saa mbili za kulala mbele ya watu bila kujificha. Akihisi kicheko, atakwenda kwenye benchi. Akianguka, mtu asimmwagie maji, asimnusishe kitu, asimfunike kanga. Wanyamaze tu.

Bi Shemsa alizungusha bangili zake. "Na pilau wakati huo?"

"Pilau itangoja. Nasikia kila kitu, bibi. Nitajua imefika wapi."

"Kuna watu wananiambia nichukue mpishi kutoka Dar."

"Mchukue. Mji mzima utakuja kula, na kila tonge watasema laiti angepika Devota." Alilisema hilo akimtazama machoni. Bi Shemsa akasema atafikiri.

Wiki mbili hakuleta jibu. Wiki ya tatu lori dogo likasimama mbele ya nyumba ya Ernesti na kushusha magunia manne ya mchele, uchaguliwe. Leticia alikaa chini palepale kizingitini akalia. Devota alichukua ungo.

Siku ya walima uwanja wa Bi Shemsa ulijaa mapema, na wengi hawakufuata ndoa. Walikuja kuona. Devota aliingia kwa kichwa kilichoinuliwa, akakagua mafiga, akaonja nyama, akaenda kwenye benchi lake, akalala robo saa mchana kweupe. Hakushika rozari. Aliamka, akafunga kanga kiunoni, akaanza. Masufuria manane yalikwenda kama alivyotaka, na saa tano akamimina mchele katika lile kubwa la mwisho.

Uweso alikuwa amejipa mwenyewe kazi ya kulinda mlango wa uani, mzaha usiingie. Alivaa kanzu na miwani myeusi, na hakuna mtu aliyepita bila kuulizwa. Ndipo Devota alipoinua macho akamwona amemsimamisha shehe wa heshima, ndevu nyeupe, aliyekuja kuombea chakula. "Samahani, shehe," Uweso alikuwa akisema kwa uso wa msiba, "una maneno yoyote ya kuchekesha? Yaache hapa, utayachukua ukitoka." Na shehe, mtu mnyenyekevu, alikuwa akifikiri kwa dhati kama anayo.

Kicheko kilianzia tumboni. Devota akakihisi, akamkabidhi Leticia upawa, akahesabu hatua nne, akafika kwenye benchi, akaanguka juu ya godoro. Leticia akapiga magoti kandoni mwake na kuinua mkono. Wapishi wote wakasimama kimya kama walivyofundishwa. Uwanja mzima ukanyamaza.

Katika kimya hicho alikuwepo Bi Shemsa, aliyekuwa ametoka ndani kuangalia mambo. Aliona mpishi wake amelala, wapishi wengine wamesimama kama waliogandishwa, na sufuria kubwa la wageni wake linachemka bila mtu. Hofu ikamwingia. Akapandisha mikono ya buibui, akachukua mwiko, akauzamisha kwenye wali unaokaribia kukauka, akaanza kukoroga. Leticia alitikisa kichwa kwa nguvu zote. Bi Shemsa hakuangalia upande huo.

Devota alisikia. Alisikia mwiko unakwaruza chini ya sufuria, mara moja, mara mbili, mara tatu, na kwa kila mkwaruzo alijua punje ngapi zinavunjika. Wali wa wageni unageuzwa uji akiwa amelala hapo, hawezi hata kupepesa jicho. Kicheko kilikwisha chote. Alingoja. Alijua njia ambayo nguvu zitarudia, kwanza shingo, kisha taya, kisha ulimi.

"Bi Shemsa."

Sauti ilikuwa nzito bado, lakini ilifika mpaka mlangoni. Mwiko ukasimama.

"Weka mwiko chini. Pilau haikorogwi ikikauka. Na jikoni hapa mkubwa ni mimi."

Tangu mumewe afe, hakuna mtu pale mjini aliyewahi kumwamrisha Bi Shemsa. Watu waliangalia chini. Ajuza alimtazama yule mwanamke akijiinua kwenye godoro, kiwiko kwanza, kisha mgongo, akafunga upya kanga yake na kuja motoni kwa miguu yake miwili. Devota akainama juu ya sufuria, akatazama, akasogeza kuni mbili nje.

"Wali haujaharibika," akasema. "Leticia, mfuniko na makaa."

"Na mimi nifanye nini?" akauliza Bi Shemsa.

"Pale pana iliki za chai hazijamenywa, bibi."

Bi Shemsa akavuta kigoda, akaketi, akaanza kumenya iliki.